Siku, Saa, Ukumbi na Kiingilio

Bango la hafla ya chuo halina maneno mengi. Siku, saa, ukumbi, kiingilio, kisha picha ya msanii aliyeshika kipaza sauti. Waliolitengeneza wanaamini wametoa mwaliko. Nami nadai kwamba wametoa na katazo pia, na katazo lenyewe limejificha katika yale mambo manne. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu hazuiwi na bawabu mlangoni. Alishazuiwa wiki tatu nyuma, kamati ilipochagua ukumbi wa ghorofani. Msabato hajaikataa hafla. Ijumaa usiku ndiyo iliyomkataa yeye. Kwa hiyo kamati inayotaka hafla ya wanafunzi wote isianze na kaulimbiu ya ujumuishi iliyochapwa kwenye fulana. Ianze na kalenda, kwa sababu ratiba ndiyo mlango, na mlango huo hufungwa kabla hata spika hazijakodiwa.

Hoja hii nitaijenga mbele ya wapinzani wake. Sauti zitakazosikika hapa si za watu fulani. Ni hoja zinazojirudia karibu kila serikali ya wanafunzi inapokaa kupanga jambo, nami nimezivika vyeo vinavyozifaa. Mfano wangu mkuu ni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichohamia kilimani mwaka 1964, ingawa yanayosemwa hapa yanafaa kwa Dodoma, Nairobi au Zanzibar bila kubadilisha mengi.

Wa kwanza kunyoosha mkono ni Waziri wa Michezo na Burudani. "Chuo kina maelfu ya wanafunzi," anasema. "Ukitaka kumridhisha kila mmoja hutafanya hafla hata moja. Ijumaa usiku ndiyo siku ya wengi: kesho yake hakuna vipindi, akili zimepumzika. Tuwape walio wengi furaha yao. Hao wachache watapata siku yao nyingine."

Mheshimiwa, uzito wote wa hoja yako umeuweka juu ya neno "wengi", na neno hilo lina miguu dhaifu. Tuwapange hao wachache kwa makundi. Wapo Waislamu, ambao hafla ikianza saa 12:30 jioni inawakuta kwenye magharibi. Wapo Wasabato, ambao Sabato yao huingia Ijumaa jua linapozama, na Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa 1 usiku mwaka mzima. Wapo wanaopanga mitaani. Mwaka 2017 Mlimani ilipata mabweni mapya yenye nafasi 3,840, na ilikuwa nafuu kubwa, lakini wanafunzi wengi bado wamepanga Msewe, Sinza, Ubungo na Changanyikeni. (Jina hilo la mwisho lingefaa kuandikwa juu ya meza ya kila kamati ya hafla.) Wapo wasichana wanaohesabu njia ya kurudi kabla ya kuhesabu nyimbo. Wapo ambao boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halijaingia, na wapo ambao halitaingia kabisa kwa sababu hawakupata mkopo. Wapo wasioona, viziwi, wenye ualbino, wanaotembea kwa magongo. Wapo walio na watoto wachanga. Kila kundi likisimama peke yake ni dogo. Yaweke pamoja, hata baada ya kuondoa waliohesabiwa mara mbili, kisha mtafute huyo "wengi" aliyebaki: ni kijana wa kiume anayelala bwenini, mzima wa viungo, asiyebanwa na ibada jioni hiyo, mwenye hela mfukoni. Kijana huyo yupo, na ana haki ya kucheza muziki mpaka asubuhi. Ila yeye si chuo.

"Sawa," anasema Waziri, "lakini siku ni saba tu. Kila siku ina wenyewe."

Ni kweli, na hapa ndipo kazi ya kupanga inapoanza badala ya kuishia. Ijumaa mchana ina swala ya saa 7. Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni ni Sabato. Jumapili asubuhi ni ya makanisa. Ukizifuta hizo, mwisho wa juma unabakiwa na vipande viwili vizuri. Kimoja ni Jumamosi kuanzia saa 1:30 usiku, Sabato imekwisha na magharibi imeswaliwa, mradi hafla ifungwe saa 4 ili anayepanda daladala alikute bado lipo. Kingine, ninachokipenda zaidi, ni Jumapili kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12. Makanisa mengi yameshamaliza, swala ya alasiri ni fupi na inaweza kupewa mapumziko yake kwenye programu, kuna mwanga, kuna usafiri, na mama mwenye mtoto mgongoni hahitaji kumtafuta mlezi wa usiku. Waziri anacheka: nani atacheza muziki saa 9 mchana? Watu wanaocheza kwenye harusi za mchana, Mheshimiwa, na kwenye bonanza za michezo, na kwenye ngoma za vijijini zilizokuwepo kabla ya taa za rangi. Giza ni mazoea ya ukumbi wa disko. Furaha haijawahi kulidai.

Kalenda ya mwaka nayo haimshtukizi mtu. Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na Kwaresma hukokotolewa kutokana na Pasaka. Yote mawili yanaweza kuandikwa ukutani miaka mitano kabla. Mwaka 2026, kwa mfano, Jumatano ya Majivu imeangukia Februari 18, wiki ileile ya kuanza mfungo wa Ramadhani. Kamati inayoweka karamu ya mchana katika wiki kama hiyo haiwezi kusema haikujua. Inaweza kusema tu kwamba haikutazama.

Mhazini amekuwa akiandika tarakimu pembeni muda wote huu. "Mimi sina ugomvi na kalenda," anasema, "maana kalenda ni bure. Ugomvi wangu ni bei ya hayo mengine. Wakalimani wa lugha ya alama, njia za mteremko, gari la kurudisha watu, vyakula vya aina tatu. Analipa nani? Na kama chuoni kuna viziwi watano tu?"

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, kwa hiyo inastahili kujibiwa taratibu. Kwanza, mambo mengi anayoyaogopa Mhazini hayana bei. Ukumbi wa chini badala ya wa ghorofani mara nyingi hauongezi shilingi. Chukua bango lenyewe: siku hizi husambazwa kama picha kwenye makundi ya WhatsApp. Simu ya mwanafunzi asiyeona humsomea maandishi kwa sauti, lakini ikifika kwenye picha hiyo mara nyingi humwambia tu kwamba hapo pana picha. Siku, saa na ukumbi vimo ndani yake, na yeye amebaki nje. Dawa yake ni kuyachapa maneno yaleyale chini ya picha, kazi ya dakika mbili. Au chukua taa. Kamati inaweza kumlipa mkalimani vizuri kabisa, kisha msanii akipanda jukwaani mtu wa taa akazima zote, na mikono ya mkalimani ikamezwa na giza. Fedha imetumika, tafsiri haipo. Taa moja ndogo inayobaki imemwelekea ingeokoa gharama yote, na hakuna aliyeifikiria kwa sababu aliyeihitaji hakuwa kwenye kikao.

Pili, kuna mambo yenye bei ambayo hugeuka kuwa rahisi yakifikiriwa mapema, na hugeuka kuwa hatari yakifikiriwa siku ya mwisho. Kanuni inayotumika sana kwa njia ya mteremko ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda idai sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja ni sentimita 30; njia yake basi iwe na mita 3 na sentimita 60. Ubao wa mita moja ulioegemezwa mlangoni saa moja kabla ya wageni kufika ni mtego, na wanaombeba mtu na kiti chake juu juu wakidhani wanamsaidia wanamfanya mzigo mbele ya wenzake. Mhazini akilijua hili mwezi mmoja kabla, hatajenga chochote. Atachagua ukumbi mwingine. Vivyo hivyo bonanza. Michezo ya saa 6 mchana kwenye uwanja usio na kivuli inamfukuza mwanafunzi mwenye ualbino kwa ngozi yake na kwa macho yake, na hii ni nchi inayoadhimisha Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, Juni 13, kwa hotuba nzito. Kusogeza michezo hadi saa 10 na kukodi turubai moja kungemfaa kuliko hotuba. Kuhusu chakula sitasema mengi: wali, maharage na mboga huwaunganisha watu wa dini zote, na kama kuna kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kiwe na meza yake na upawa wake.

Tatu, yanabaki yale ya gharama kweli, na wakalimani ndio mfano wake. Hafla ya muda wa saa tatu inahitaji wakalimani wawili, kwa kuwa kazi hiyo huchosha akili na desturi yao ni kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30 hivi. Hapa Mhazini ana utetezi wa kisheria ambao huenda hajawahi kuusoma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 kabla ya kutunga sheria yake ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, unataja katika ibara ya 30 haki ya kushiriki utamaduni, burudani na michezo. Lakini mkataba huohuo unaposema marekebisho yafanywe, unaongeza kwamba yasiwe mzigo usio na uwiano. Mhazini anaweza kuukimbilia mstari huo. Ila uwiano hupimwa kwa kulinganisha, na kitu cha kulinganisha nacho kimo kwenye daftari lake. Kamati inayomlipa msanii wa kupanda jukwaani kwa dakika arobaini, kisha ikasema haina fedha ya wakalimani, haijakosa fedha. Imechagua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inanisaidia kulieleza jambo hili: katika ibara ya 7, inayohusu lugha, lugha ya alama na Breli vimewekwa bega kwa bega na lugha za asili ambazo dola inapaswa kuziendeleza. Ukilitazama hivyo, mkalimani anaacha kuwa sadaka kwa mgonjwa na anakuwa kama kipaza sauti: kifaa kinachowezesha hotuba kufika. Na hao viziwi watano, kama ni watano, wamekatwa mchango wa serikali ya wanafunzi sawasawa na Mhazini mwenyewe.

Anayefuata ni MC. Yeye haogopi gharama. Anaogopa ukimya. "Mkianza kupima kila neno, hafla itakuwa kama semina. Watu wa hapa wanaishi kwa utani. Nikimtania wa kutoka mkoani kwa lafudhi yake, nikamtania mnene, kila mtu anacheka, hata yeye."

Utani, MC, ni taasisi yenye kanuni, na ya kwanza ni kujibizana. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara kwa sababu kila mmoja ana ruhusa ya kumrudishia mwenzake palepale. Tena mtani anayekuja na vituko msibani ndiye huyohuyo anayebeba maji na kuchimba kaburi. Haki yake ya kucheka anailipia kwa jasho. Mtu mmoja mwenye kipaza sauti mbele ya mia tano wasiokuwa nacho hana mtani humo ndani. Ana shabaha. Na kwamba aliyelengwa amecheka hakuthibitishi kitu, kwani kucheka ndiyo njia pekee aliyoachiwa ya kutoka pale na heshima iliyobaki.

Mlimani ina historia yake katika hili, na ni vizuri kuikumbuka. Miaka ya 1960 wanafunzi walikuwa na desturi iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza, ya kuvaa matambara siku moja na kuingia mjini kwa shangwe wakichangisha fedha za maskini. Mwaka 1968 wanafunzi wa USARF, umoja wa kimapinduzi ambao Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake, waliivuruga siku hiyo. Hoja yao: kuuvaa umaskini kama vazi la sherehe ni kuwadhihaki wasioweza kulivua. Naona walikuwa sahihi kuhusu tusi, na nina shaka kuhusu njia waliyotumia. Kinachonigusa zaidi ni kwamba ugomvi wote ulikuwa wa wasomi kwa wasomi. Maskini waliogombewa hawakuwa na kiti upande wowote. Kisha kulikuwa na "Punch", maandishi na michoro ya ukutani isiyo na jina la mwandishi, iliyojinadi kuwa ni ucheshi na ukosoaji, huku ikiwaandama wanafunzi wa kike kwa matusi. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja aliyeandamwa hivyo alijiua. Sidai kwamba kila mzaha wa MC unaelekea huko. Nadai kwamba neno "ni utani tu" limeshapimwa kilimani hapo kwa mzani mzito, na anayelitumia leo hana ruhusa ya kujifanya hajui.

Kiongozi wa jumuiya ya wanafunzi wa dini anauliza swali la upande wa pili, nalo ni la haki: je, kila mkusanyiko wa chuo ni lazima uwe wa kila mtu? Usiku wa kaswida utafutiwe bendi? Kwaya ya Pasaka iombe radhi kwa kuimba habari za Pasaka? Hapana. Hapa mstari uchorwe kwa kufuata fedha. Jumuiya inayojichangia yenyewe ina haki ya kuwa na rangi yake. Wanafunzi wa mkoa mmoja wakitaka kukutana na kula ndizi zao kwa lugha yao, wale kwa amani. Hafla inayolipiwa na mchango wa kila mwanafunzi ni jambo jingine, maana hapo asiyeweza kuja amelipia starehe ya mwenzake. Hata kaswida na kwaya hazijasamehewa ngazi na taa, kwa sababu miongoni mwa waumini nako kuna wasioona na wasiosikia. Ila hazidaiwi kuwa kitu kisichokuwa wao. Ninaisisitiza tofauti hii kwa kuwa bila yake ujumuishi unageuka uji usio na chumvi, na Waziri atakuwa na haki ya kulalamika.

Na analalamika, lakini kwa hoja nyingine. "Mwaka jana tuliwaalika wenye ulemavu. Tukawatengea viti vya mbele. Hawakuja."

Mwanafunzi kiziwi anajibu, na mkalimani anamfasiria: "Mlitualika kwa gari la matangazo."

Kicheko kinachofuata hakimdhalilishi mtu, kwa sababu aliyekianzisha ndiye aliyekuwa akisahauliwa. Lakini hata mwaliko ungeandikwa, hoja ya Waziri ingebaki na tundu. Mtu aliyefika mara tatu akakuta ngazi, giza au choo chenye mlango usiopitisha kiti haji mara ya nne, anajifunza. Kutokuja kwake ni kumbukumbu ya hafla zilizopita, na kamati mpya, ambayo kwa kawaida hudumu mwaka mmoja tu, inaisoma kumbukumbu hiyo kama kutojali. Ndiyo maana idadi ya waliojaza ukumbi haiwezi kuwa kipimo. Ukumbi unaweza kujaa watu walewale kila muhula. Kipimo kinachofaa ni kuwauliza wasiokuja, kwa ujumbe mfupi kupitia wawakilishi wa madarasa, ni lipi kati ya mambo manne lililowazuia, kisha majibu yakaandikwa kwenye daftari litakalokabidhiwa kamati ijayo pamoja na funguo za ofisi.

Hata hivyo daftari haliwezi kuchukua nafasi ya mtu. Wawakilishi wa wenye ulemavu, wa wanaopanga mitaani, wa jumuiya za dini na wa wanafunzi wa kigeni wakae kwenye kikao cha kwanza, kile cha kuchagua siku, wasiitwe kwenye cha mwisho kuonyeshwa bango. Itakuwa kikao kirefu. Watagongana wao kwa wao: Jumapili alasiri itakuta kwaya ina mazoezi, mpangaji wa Msewe atataka mapema zaidi ya anavyotaka wa bwenini, mwanafunzi kutoka Sudan Kusini ataomba Kiingereza na wa Bujumbura atasema Kiswahili kinamtosha. Sioni njia ya kuyamaliza yote kwa siku moja. Naona njia ya kuhakikisha kwamba aliyekosa muhula huu anaandikwa, na muhula ujao hakosi yeye tena.

Waziri, ambaye si mtu mbaya, ameanza kuandika upya. Jumapili. Saa 9 alasiri. Ukumbi wa chini. Mpangaji wa Changanyikeni anamwambia aongeze saa ya kumaliza, kwa sababu hakuna bango linaloitaja na yeye ndiyo anayoitafuta kwanza. Waziri anaandika saa 12 jioni. Halafu anaandika "Bure", na Mhazini anaweka kalamu chini. Ukumbi umelipiwa, anasema, wakalimani wamepatikana kwa kupunguza dakika za msanii, lakini bila kiingilio turubai la bonanza halipo. Mtu mmoja anapendekeza kiingilio kidogo baada ya boom. Mwingine anauliza vipi wasio na boom. Kikao kinaendelea.